Ufunguo wa Simu Yako Uko kwa Nani?

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza vitenge Mwanjelwa, Mbeya, aliniandikia. Simu yake ilichomolewa kwenye mfuko wa koti akiwa anapanda daladala ya Uyole asubuhi, baridi imekaza. Boksi analo, risiti anayo. Mwanawe alimfungulia ukurasa wa kuifunga simu kwa mbali, ukurasa ukaomba barua pepe na nywila. Hapo ndipo mambo yalipokwama: Gmail ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, na mama hajui hata jina la akaunti hiyo. Ameuliza kama bado kuna namna.

Namna ipo, nitaifikia. Kwanza niseme kwamba tatizo hili si lake peke yake. Kufuli la mbali limo tayari kwenye karibu kila simu janja inayouzwa Mbeya na Iringa. Halilipiwi. Lakini kinacholifunga na kulifungua ni akaunti, na asiyejua nywila ya akaunti yake ni kama aliyenunua nyumba, ufunguo akauacha kwa muuzaji.

Kufuli lenyewe hufanya kazi hivi. Tangu iOS 7 ya Septemba 2013, iPhone iliyowashwa Find My, yaani huduma ya Apple ya kutafuta simu, ikifutwa haiendelei mbele mpaka iwekewe akaunti na nywila ya mwenyewe. Google wakafuata na Android 5.1 mwaka 2015: mtu akiifuta simu kwa kubana kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, ikiwaka inaomba akaunti ya Google iliyokuwemo. Jimbo la California likatunga sheria 2014, ikaanza kazi Julai 2015, kwamba simu janja mpya ziuzwe zikiwa na kinga hiyo. Mapema 2015 ilitangazwa kwamba katika miezi 12 baada ya hatua ya Apple, wizi wa iPhone ulishuka kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York, na London wizi wa simu janja ulishuka kwa nusu. Kibaka anaangalia bei. Simu iliyofungwa haiuziki kama simu, inauzika kama kioo na betri.

Kwetu wizi bado unalipa kwa sababu simu nyingi zimeachwa wazi. Kibaka wa stendi ya Nane Nane hana haja ya kuchagua. Kila anayewasha kufuli lake anampunguzia faida, hata kwa simu ya jirani.

Sasa twende kwenye kazi. Kwenye Android kinga ya kufutwa haiwaki mpaka vitu viwili viwepo pamoja: akaunti ya Google ndani ya simu, na kufuli la kioo, yaani PIN, mchoro au nywila. Ukikosa kimoja, huna kinga. Weka PIN ya tarakimu sita, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isifanane hata kidogo na namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao wako mwingine wa pesa. Mchoro wa herufi L husomwa kwa urahisi na aliyekaa nyuma yako kwenye gari.

Kisha fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Google, uone jina la akaunti lililoandikwa juu. Kama si lako, au hujui nywila yake, fungua akaunti yako leo hii. Usiifute ile ya zamani kwa haraka. Majina ya simu mara nyingi yamehifadhiwa humo, ukiitoa yanaondoka nayo. Ongeza akaunti mpya, hamisha majina, hakiki kwamba yamefika, ndipo uitoe ya zamani. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Watu hucheka daftari, lakini kibaka hayuko chumbani kwako.

Hapa kuna mtego unaowaangusha hata wajanja. Ukiwa umewasha uthibitisho wa hatua mbili, ukijaribu kuingia kwenye akaunti kwa simu ya kuazima, Google wanatuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako, ambayo muda huo iko mfukoni mwa mwizi. Dawa yake ni namba za akiba. Ndani ya akaunti, sehemu ya usalama, Google hukupa namba kumi zenye tarakimu nane kila moja, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi mbili: moja daftarini, nyingine kwa mtu unayemwamini.

Baada ya hapo washa huduma ya kutafuta kifaa, ambayo Google sasa wanaiita Find Hub, kisha uijaribu. Hili la kujaribu nalisisitiza, kwa sababu kufuli lisilojaribiwa ni matumaini tu. Azima simu ya jirani, fungua dirisha la faragha, nenda android.com/find, ingia kwa akaunti yako, bonyeza iliyoandikwa kupiga sauti. Simu yako italia hata ikiwa kimya. Isipolia, angalia data na eneo. Wengi huzima data kutunza bando, na simu isiyo hewani haipokei amri. Amri husubiri mpaka simu irudi mtandaoni. Kwa hiyo ukiwa sokoni au safarini, acha data ikiwa imewashwa.

Kwenye Android 10 na kuendelea, angalia pia sehemu ya ulinzi dhidi ya wizi ndani ya mipangilio ya Google. Kuna kufuli linalojifunga simu ikihisi imekwapuliwa na mtu akakimbia nayo, lingine linalojifunga simu ikikatwa mtandao, na la tatu linalokuruhusu kuifunga kupitia android.com/lock kwa namba yako ya simu tu, bila nywila. Hilo la tatu ni mkombozi wa wasahaulifu, ila lazima uwe umeliwasha kabla. Kama simu yako haina sehemu hiyo, sasisha kwanza huduma za Google.

Wenye iPhone kazi yenu ni fupi: washeni Find My, na kwenye iOS 17.3 au zaidi washeni ulinzi wa kifaa kilichoibiwa, ili mwizi aliyeiona PIN asibadilishe nywila papo hapo. Ujumbe wowote unaodai simu imepatikana na kukutaka uweke nywila ni wa wezi wenyewe.

Siku ya tukio, mpangilio una uzito wake. Ukikimbilia kufunga laini, simu inapoteza data na amri ya kufuli haifiki. Ukichelewa kufunga laini, wanachezea pesa. Kama mko wawili, gawaneni: mmoja anaingia android.com/find na kubonyeza kufunga, mwingine anapiga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, kuomba laini na akaunti ya pesa vifungwe. Ukiwa peke yako na nywila unaikumbuka, anza na kufuli, halafu 100. Nywila huikumbuki? Piga 100 papo hapo. Usikimbilie kufuta kila kitu, maana Android ukishaifuta huwezi kuitafuta tena, na kwa hali yoyote usiiondoe simu kwenye akaunti. Kuiondoa iPhone kwenye akaunti ni kumpa mwizi ufunguo mkononi.

Kisha nenda polisi upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako, na kwenye ofisi ya mtandao wako upeleke IMEI ifungwe. IMEI ni namba ya tarakimu 15, unaipata kwa *#06# au kwenye boksi. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, peleka zote. Tanzania ina rajisi kuu ya namba hizi, ile iliyotumika kuzima simu bandia Juni 2016. Lakini rajisi hiyo inahudumia mitandao ya Tanzania. Simu iliyovushwa Tunduma kwenda Nakonde, Zambia, au Kasumulu kwenda Malawi, inaweza kukuta laini ya huko inafanya kazi. Kufuli la akaunti halijui mpaka, kwa kuwa simu inauliza Google au Apple popote inapowashwa. Ndiyo maana nasema fungeni vyote viwili.

Sitawadanganya kwamba kufuli haliguswi. Simu za bei ndogo zenye Android ya zamani, wapo mafundi wanaozipita, na simu yoyote inaweza kuvunjwa ikauzwa spea. Kusasisha simu kunaziba mianya mingi, ila si yote. Nanyi mnaonunua simu ya mtumba, mwambie muuzaji aifute mbele yako na kuiwasha upya mpaka mwisho. Ikiomba akaunti asiyoijua, rudisha fedha yako mfukoni. Anayeinunua ndiye anayemtuma kibaka kesho yake.

Sasa mama yangu wa vitenge. Chukua RB, chukua kitambulisho cha NIDA, uende ukarudishe laini yako kwa alama za vidole. Hiyo laini ndiyo ufunguo uliobaki. Vijana wa dukani mara nyingi huweka namba ya mteja kuwa namba ya kurejesha akaunti. Laini ikishawaka kwenye simu nyingine, hata kitochi, mwanao afungue g.co/recover, achague kwamba amesahau barua pepe, aweke namba yako na jina linaloweza kuwa lilitumika. Jina likikataa, rudini dukani na risiti mmuulize kijana aliandika jina gani. Namba ya uthibitisho itakuja kwenye laini yako. Mkiingia, badilisheni nywila, bonyezeni kufunga, muandike ujumbe wa kuonekana kwenye kioo cha simu wenye namba ya mwanao, na IMEI mbili za kwenye boksi mzipeleke ofisi ya mtandao siku hiyohiyo.