Zawadi ya Chuseok kwa Bosi: Nilivyoharibu na Nilivyotengeneza

Juzi nimerudi nyumbani saa nne na nusu usiku, miguu imevimba kwa kusimama darasani, nikakuta ujumbe wa dada mmoja. Mzaliwa wa Arusha, kakulia Minnesota, sasa anafundisha Kiingereza kwenye shule ya serikali mkoa wa Gyeonggi, hapa Korea Kusini. Anaandika kuhusu Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea: "Da Mwana, Chuseok hiyo inakuja. Mwalimu mkuu ananipenda kama mwanawe, nataka nimnunulie lile boksi la hongsam, ile mizizi ya dawa. Nina won 200,000. Ni sawa?"

Nilimjibu kabla sijavua hata viatu: usinunue.

Halafu nikaona neno moja halitoshi, kwa sababu boksi hilohilo nililinunua mimi mwaka 2023, na lilinigharimu zaidi ya pesa.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Mombasa mwenye pasi ya Kanada. Naitaja pasi kwa sababu viza ya kufundisha Kiingereza hapa Korea hupewa raia wa nchi saba tu, na wengi huniandikia bila kulijua hilo. Nafundisha Daegu kwenye hagwon, zile shule za binafsi ambazo watoto huja wakishatoka shule ya kawaida. Juu yangu wapo watatu: wonjang, ambaye ndiye mwenye shule, bu-wonjang, naibu wake, anayepanga ratiba, na siljang, mama wa ofisini anayepokea simu za wazazi na ada. Washike hao watatu vichwani, maana kosa langu lote limo humo.

Chuseok ni siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane kwa kalenda ya mwezi. Mwaka ule iliangukia 29 Septemba. Wiki kadhaa kabla, madukani huwezi kupita. Maboksi yamepangwa hadi juu ya vichwa: mafuta ya kupikia na samaki wa kopo, shampuu na dawa ya meno, peasi za Naju kubwa kama madafu, gim zile karatasi za mwani, nyama ya hanwoo, ng'ombe wa Kikorea, kwenye barafu, samaki wa gulbi wamefungwa kwa kamba wamejipanga kama wanajeshi. Akina mama wa dukani wanakuita, onja hiki, chukua kile, nunua kumi upate na moja la bure. Ukiwa mgeni, kichwa kinakuzunguka.

Mimi nilikuwa na miezi saba kazini. Nilikuwa nautaka mkataba wa pili, hilo sitalificha. Lakini kuliko mkataba nilitaka kupendwa. Nilikuwa mpweke, jamani. Siku nyingi sauti pekee iliyoniita kwa jina ilikuwa ya mama kwenye simu. Kwa hiyo niliposikia walimu wenzangu wanachanga wamnunulie wonjang boksi la peasi, nikajiambia moyoni: wao watoe peasi, mimi nitatoa kitu atakachokikumbuka.

Hongsam ni jinseng nyekundu, ile iliyopikwa kwa mvuke ikakaushwa. Hapa ndiyo zawadi ya wazee na wakubwa. Nililipa won 189,000. Mfuko wake mwekundu umeandikwa kwa dhahabu, na kila mtu Korea akiuona anaijua bei yake bila kuambiwa.

Nikampa mbele ya watu, kwenye chumba cha walimu. Nilijua kutoa kwa mikono miwili, nilijua kuinama, nikajiona nimejifunza kila kitu. Wonjang alipokea, akasema "aigo", neno lao la mshangao, kisha macho yake yakaenda mezani, lilipokaa boksi la peasi walilochangia watu sita, won 10,000 kila mmoja. Yakakaa pale kidogo. Bu-wonjang alikuwa amesimama kwenye mashine ya kopi, karatasi zinatoka moja moja, naye hainui kichwa. Yeye sikumpa chochote. Siljang sikumpa chochote. Hata haikunijia akilini.

Hakuna aliyenigombeza. Watu wa hapa hawakugombezi. Ila baada ya likizo wakawa wanakwenda kula mchana bila kuniambia. Nikiingia, mazungumzo yanapungua. Ilichukua wiki tatu mpaka mwalimu mmoja, binti mdogo kuliko wote, akanisimamisha kwenye ngazi akanena kwa sauti ya chini: "Ulitufanya sisi tuonekane hatumheshimu." Akashuka zake. Nikabaki nimeshika chuma cha ngazi. Mpaka leo nikiandika hapa naisikia ile sauti, na kusema kweli bado inaniuma, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa nimekusudia nini.

Na mimi nilikuwa na kinyongo changu. Siku ileile wonjang alitugawia zawadi zake, na kila mmoja alipata boksi la Spam, ile nyama ya kopo. Mimi Muislamu, naye anajua, maana kila siku ananiona nikichagua vyakula. Spam ni nguruwe. Nililia kwenye basi. Nyama hii iliingia Korea na wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya 1950 hadi 1953, watu walipokuwa na njaa, na heshima yake haijashuka tangu hapo. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile niliona dharau tu. Nikampelekea bibi wa ghorofa ya chini lile boksi kama lilivyo, akanishika mikono yote miwili kama aliyepewa mbuzi wa Idi.

Ni furaha ya huyo bibi iliyonifungua macho bila yeye kujua: kumbe boksi lile halikuwa dharau. Nilikuwa nimemwona wonjang anatoa kitu kimoja kwa watu wote, nikadhani hajali. Kumbe kutoa kimoja kwa wote ndiyo kujali kwenyewe kwa mahali pa kazi. Zawadi ya ofisini hapa inasema: nakutambua mahali ulipo. Haisemi nakupenda wewe kuliko fulani. Mimi niliibebesha maneno isiyoyajua, na wenzangu wakayasikia yote.

Kwa hiyo, dada yangu wa Gyeonggi na nyinyi wengine, kabla ya kuuliza "ninunue nini", ulizeni "wenzangu wanatoa nini". Kama wanachanga, changa nao kiasi kilekile, usizidishe hata won 1,000. Kama hawatoi, usitoe peke yako. Kisha hesabu wakubwa wako wote, na usimruke yeyote kumfikia wa juu. Wengi wetu tunamtazama mwenye shule tu, ilhali ratiba yako, viza yako na likizo yako vinapita mikononi mwa bu-wonjang na siljang.

Wewe uliye shule ya serikali una jambo jingine zito zaidi. Tangu 28 Septemba 2016 kuna sheria ya kuzuia hongo ambayo watu huiita Sheria ya Kim Young-ran, kwa jina la mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Korea. Ndiye aliyeipendekeza alipokuwa mkuu wa tume ya kupambana na rushwa. Inawagusa watumishi wa umma, waandishi wa habari na shule, za serikali na za binafsi, hagwon hazimo. Kikomo cha zawadi ya kawaida ni won 50,000. Mazao ya shamba na ya bahari yamelegezewa: tangu Agosti 2023 ni won 150,000, na msimu wa Chuseok na wa Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, hupandishwa hadi 300,000.

Najua utaniambia jinseng ni zao la shamba. Basi jiulize: mwalimu mkuu huyo si ndiye atakayesema uongezewe mkataba au usiongezewe? Kwa mtu anayekupima kazi, kile kikomo si kibali. Siku ya kwanza kabisa ya sheria hiyo kuna mtu aliwapigia polisi simu kuripoti mwanafunzi aliyempa profesa wake kopo la kahawa. Kopo moja! Sisi wa Kenya tunajua neno "kitu kidogo" lilivyooza vinywani mwetu, mpaka huwezi tena kulitamka kwa nia njema. Wenzetu wanajaribu kuzuia kwao kusifike huko, na mgeni ana wajibu wa kuwasaidia. Nunua songpyeon, vile vikeki vya mchele vya umbo la nusu mwezi vinavyopikwa juu ya majani ya msonobari, weka katikati ya chumba cha walimu, kila mtu achukue. Mkuu naye atachukua kimoja. Imetosha kabisa.

Kwa wa hagwon, mambo machache niliyojifunza kwa kuungua. Matunda hayakosei. Epuka vitu vinne, kwa sababu nne kwa Kikorea hutamkwa "sa", sawa na kifo. Toa siku mbili tatu kabla ya likizo, faraghani, useme "byeolgeo animnida", yaani si kitu cha maana. Asipoifungua mbele yako usivunjike moyo, ndiyo adabu yenyewe. Pombe mimi sinunui wala sijawahi kulaumiwa. Na ondoa bei. Narudia: ondoa bei, na ondoa mfuko unaotangaza bei.

Chuseok ya 2024 ilikuwa 17 Septemba. Mwezi mzima kabla nilimfuata yule binti wa kwenye ngazi nikamuuliza, "Mwaka huu mnachanga ngapi?" Alinitazama kwanza. Akasema 20,000. Nikatoa 20,000, jina langu likaandikwa kwenye kadi katikati ya majina ya wengine, herufi zilezile. Naapa hakuna zawadi niliyowahi kuitoa ikanipa raha kama ile.

Lakini bu-wonjang na siljang nilitaka kuwapa kitu changu, kwani ni wao niliowaruka. Kiangazi nilikuwa nimekwenda nyumbani. Nilileta majani ya chai ya Kericho, na Biashara Street nilichukua pea moja ya leso imeandikwa "Wema hauozi". Hapa zawadi ya heshima hufungwa kwa kitambaa cha mraba, bojagi, ncha zinakutana juu kwenye fundo. Nikaikata pea, nikazikunja leso zile mraba, nikafunga kila boksi la chai kwa leso yake, fundo juu, maandishi yakatokea ubavuni. Siljang nilimpa ofisini kwake. Bu-wonjang nilimpa kwenye korido, tukiwa wawili. Akapitisha kidole juu ya herufi, akauliza zinasemaje. Kikorea changu si kingi. Nikamwambia: ukimtendea mtu vizuri, wema huo hauharibiki. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kwetu Mombasa jirani akikuletea sinia, hulirudishi tupu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari hiyo.

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo nilikuta leso yangu juu ya meza, imefungwa fundo lilelile. Nilipoinua ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na gotgam za Sangju, zile persimoni zilizokaushwa, zina unga mweupe juu kama zimepakwa poda. Bu-wonjang alikuwa amesimama mlangoni, na siljang nyuma yake anachungulia. Nikafungua. Tukazila palepale tumesimama, watatu, vidole vinanata, kengele ya saa kumi inalia na watoto wameshaanza kupanda ngazi.