Kabla Hujaenda Kudai Talaka, Anza na Bahasha

Ukishaamua kwamba ndoa imefika mwisho, wengi wanaokuzunguka watakufundisha kugombana. Shoga atakwambia uhamishe makochi mwenzio akiwa kazini. Kaka atataka kwenda "kuongea" na shemeji yake. Mama mkubwa atasema vumilia, hata sisi tulivumilia. Mimi niliyepita huko, hapa Tanzania Bara, nakushauri jambo la kuchosha tu: tafuta bahasha kubwa uanze kukusanya karatasi, tena mapema, mkiwa bado mnaishi nyumba moja. (Kama unapigwa, ondoka kwanza. Pitia Dawati la Jinsia polisi, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe, na nakala ya fomu hiyo uitunze.)

Cheti cha ndoa ndicho cha kwanza. Kikiwa kimepotea, toa taarifa polisi, kisha fuatilia nakala kwa waliowafungisha ndoa au RITA, wakala wa serikali wa usajili. Weka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, risiti za ada, hati ya mauziano ya kiwanja. Vyote vipige picha, umtumie ndugu mmoja asiye na maneno mengi. Nyumba yenye ugomvi, karatasi hazikawii kupotea.

Halafu Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mahakama haipokei shauri la talaka mpaka baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache, kama mwenzio kukutelekeza na hujui aliko. Baraza laweza kuwa la kata, la kanisani au la BAKWATA, baraza kuu la Waislamu. Karatasi wanayokupa ndiyo watu huiita Fomu Namba 3, na ikikosekana au ikiwa na kasoro, shauri linaweza kufika Mahakama ya Rufani likafutwa, mkaanza upya. Ndugu zangu Waislamu, hata kama talaka imeshatamkwa au kuandikwa, njia ni hiyo hiyo ya baraza kisha mahakama. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Barazani nenda na maelezo ya nusu ukurasa yenye tarehe. Mzee mmoja kwenye baraza letu kila nikianza kueleza ananikatiza: "Mama, nani alianza?" Ningejibu kwa kichwa tungefika kwenye harusi ya wifi na sufuria zilizorushwa. Nilirudi kwenye karatasi, nikasoma tarehe inayofuata. Mwenzio asipoitika wito, hakikisha hilo limeandikwa.

Sasa mali, penye kelele zote. Mahakama hugawa kilichochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Wanawake wasio na ajira wasikubali kuambiwa "ulileta nini hapa?" Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imeshasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Lakini usidhani hiyo ina maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja, mchango unathibitishwa. Kwa upande wangu, risiti za saruji na mabati zilikuwa na jina lake zote. Kilichonisaidia ni fundi. Malipo yake ya kila Jumamosi yalipitia mkononi mwangu, kutoka kwenye genge langu, naye alisimama akaeleza mpaka siku niliyomlipa kwa mafungu kwa sababu nyanya zilikuwa zimeoza. Kwa hiyo tafuta watu kabla hujatafuta maneno: fundi, jirani, mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano.

Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ukinusa dalili za kuuza, mpelekee mwenyekiti wa mtaa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama kiwanja kina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio. Orodhesha na madeni, hata la VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), maana lililokopwa kwa faida ya familia nalo linaangaliwa.

Watoto wasibebeshwe ujumbe kati yenu, wala kuulizwa mezani wanampenda nani. Kwa aliye chini ya miaka 7 sheria huanza kwa kudhani kwamba ni vema akae na mama, ingawa baba anaweza kuonyesha vinginevyo. Andaa hesabu ya matunzo ya mwezi yenye vitu halisi: ada, nauli, daftari, chakula, matibabu. Ukisema "anitunzie watoto vizuri" hakimu hana cha kuandika.

Kama huna hela ya wakili, usikae nyumbani. Mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na mashirika kama TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo. Weka akiba ya nauli na chakula cha miezi kadhaa, kwani shauri huahirishwa. Hukumu ikitoka na hujaridhika, muda wa kukata rufaa una ukomo, kwa hiyo uliza pale pale mahakamani una siku ngapi na rufaa unaipeleka wapi. Ukiridhika, omba nakala ya hukumu na hati ya talaka zenye muhuri, kisha pita kazini, kwenye bima na kwenye kikundi chako ukabadilishe jina la mrithi.