Anzia kwenye mkaa, dada

Dada, umeuliza utakulaje vizuri hapa Dar bila kuumiza mazingira, na kama ni lazima uache nyama. Si lazima. Punguza ya ng'ombe tu, maana ng'ombe hutoa methani nyingi, gesi inayoongeza joto duniani. Siku nyingine pika kunde, choroko au dagaa. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kalsiamu unaipata humo humo.

Ila mimi ningeanzia jikoni. Mkaa tunaopikia unamaliza misitu ya Pwani na Morogoro, inaniuma sana. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, ndipo uyabandike na mfuniko: yanaiva mapema na mkaa unabaki. Mchicha na matembele nunua ya siku hiyo tu, yasinyauke ukayatupa. Na sembe badilisha, pika dona. Halikobolewi, nyuzinyuzi zinabaki.