Jina la binti linalokaribiana na Zuhura: tuliyojifunza kwa Salme na Asumini

Dada yangu, umeeleza kwamba unatarajia mtoto wa kike, kwamba mumeo anataka aitwe Zuhura kwa kuwa ndilo jina la mama yake, na kwamba wewe unatafuta jina la karibu na hilo ambalo halitamfanya awe Zuhura wa tatu darasani. Nasi tulikuwa na haja kama yenu, kwa hiyo nakueleza yaliyotukuta.

Mama mkwe wangu anaitwa Salma. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa, nilijua kwamba nikimpa jina hilohilo sitathubutu kulitamka kwa ukali bibi yake akiwa anasikia, na kwamba yangetupata yanayozipata nyumba nyingi za pwani, ambako mtoto aliyerithi jina la bibi huishia kuitwa "Bibi" au "Mama" hadi jina lenyewe likasahaulika. Tukachagua Salme, jina la binti wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ambaye baadaye aliishi Ujerumani na kuandika kumbukumbu za maisha yake. Mama mkwe alilipokea kwa furaha na hadi leo humwita mjukuu wake "wajina".

Jambo ambalo sikulifikiria ni namna jina linavyosikika. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo irabu ya mwisho hutamkwa kwa unyonge, na kwa kuwa majina mengi ya kike tuliyoyazoea, kama Asha, Amina, Fatuma na Rukia, huishia na a, msikilizaji huikamilisha mwenyewe bila kujua. Kadi ya kliniki iliandikwa Salma, na daftari la shule ya awali nalo likaandikwa Salma. Nilipofuatilia cheti cha kuzaliwa nilikuwa na karatasi zinazopingana kuhusu mtoto mmoja, na kuzisahihisha kulinichukulia safari nne na machozi ya siku moja. Sasa binti yangu ana miaka tisa na analipenda jina lake, lakini kila mwaka mpya wa masomo humweleza mwalimu kwamba linaishia na e, na huniuma kumsikia akilirudia.

Ndiyo maana nakusihi usiiweke tofauti kwenye irabu ya mwisho, wala usiiache iwe ndogo mno. Zahra na Zuhra ni majina mazuri, ila aliyezoea kuandika Zuhura atayaandika Zuhura. Tofauti na iwe mwanzoni mwa jina au kwenye silabi yenye mkazo. Kwa binti wa pili, tulipotaka kumkumbuka dada yangu Yasmini, tulimwita Asumini, ua lilelile linalotiwa kwenye vikuba, na hakuna aliyewahi kulikosea, nadhani kwa sababu kila mtu analijua ua lenyewe.

Kwa upande wako ningependekeza Thuraya. Zuhura ni sayari ing'aayo alfajiri au jioni, na Thuraya ni jina la Kiarabu la Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima walilitazama kujua majira ya kulima, kwa hiyo mjukuu atabaki na jina la mbinguni kama bibi yake. Mwanzo ni tofauti, mkazo unaangukia ra, na bado mwangwi wa Zuhura unasikika. Ugumu wake ni th, ambayo wengi wa bara huitamka kama s, hivyo kubalianeni mapema kama mtavumilia kusikia "Suraya". Mimi ningevumilia, mradi maandishi yawe sahihi.

Huenda ukashauriwa Safura, ambalo katika mapokeo ya Kiislamu ni jina la mke wa Nabii Musa. Sauti yake iko karibu sana na Zuhura, lakini kwa Kiswahili safura ni ugonjwa wa kupungukiwa damu, na watoto wenzake watalijua hilo mapema.

Kabla ya siku ya akika, mwambieni mzee mmoja na mtoto wa shule mmoja waliandike jina baada ya kulisikia mara moja tu. Na utakapokwenda kliniki, mpe muuguzi jina likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, kisha isome kadi herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani.