Deni la Bodi tulipime kwa miezi, si kwa mamilioni

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ukikopa kusomea shahada ya hisabati, kipato utakachopata kinafidia deni? Najibu ndiyo, na nalijibu nikiwa bado nakatwa.

Nilisoma hisabati Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 2017 hadi 2020 kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Tulikuwa tunasaini shilingi 510,000 za siku sitini, humo humo ule, ulipe nauli, na wengine tutume nyumbani. Ukijumlisha ada na vitabu, nilitoka na deni la milioni 9.8. Baba yangu ni mkulima wa mpunga Kilombero. Nilipomtajia, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Hizo ni gunia ngapi, mwanangu?"

Wengi huogopa hapo hapo, kwenye ukubwa wa deni. Lakini deni la Bodi halilipwi kama la benki. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, basi. Tuchukue mwalimu wa serikali, kama nilivyo mimi sasa, mwenye mshahara wa 700,000. Bodi inachukua 105,000, mfuko wa pensheni 35,000, bima ya afya 21,000, chama cha walimu 14,000, kodi 49,000. Mkononi zinabaki 476,000. Ni kidogo, sikatai, na mwezi wa kwanza nilipoiona karatasi ya mshahara niliikunja nikaitia mkobani bila kumwonyesha mtu. Ila kwa makato hayo deni la milioni 9.8 linakwisha ndani ya miaka minane.

Waliotutangulia waliumia zaidi. Kabla ya 2016 makato yalikuwa asilimia 8, na juu yake ikaja tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 ya deni kila mwaka. Kwa deni na mshahara huo huo, ungelipa 672,000 kwa mwaka, na tozo ingeongeza 588,000. Mwaka mzima wa kukatwa, deni linashuka 84,000 tu! Tozo hiyo ilifutwa 2021, na kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wowote uliowahi kumgusa mnufaika. Sasa kila shilingi ninayokatwa inapunguza deni.

Kilichonigharimu ni kusubiri. Baada ya kuhitimu nilikaa miezi 16 bila ajira, natuma maombi usiku bando likiwa rahisi. Zidisha 476,000 kwa 16 upate milioni 7.6, zaidi ya robo tatu ya deni lote la chuo, na hakuna aliyeniandikia popote kwamba nimezipoteza. Mwenzangu wa darasa moja, aliyechagua takwimu na kompyuta kwenye masomo ya hiari, alipata kazi benki mwezi wa nne baada ya kuhitimu. Mimi nilijaza hisabati tupu kwa sababu niliipenda. Bado naipenda, lakini ningerudi nyuma ningechanganya.

Kisha nikaajiriwa shule moja binafsi kwa laki tano. Walinikata 75,000 za Bodi kwa miezi 11. Nilipoomba taarifa ya deni langu, nikakuta hata senti haijafika: 825,000 zilikuwa zimeishia shuleni. Kilichoniokoa ni karatasi za mshahara, nilikuwa nazo zote kwenye bahasha ya kaki. Nilizipeleka Bodi, ikachukua miezi mitano hadi shule ikazilipa. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwa watu binafsi, ombeni taarifa ya deni mapema na mtunze karatasi hizo kama cheti cha kuzaliwa.

Upande wa kipato, kuna jambo ambalo hesabu za mshahara haziligusi. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Hisabati ndilo somo linalotuangusha kuliko yote, na wazazi wanatafuta mwalimu. Jumamosi nafundisha twisheni watoto 12 barazani kwangu, kila mmoja 20,000 kwa mwezi. Hizo ni 240,000, zaidi ya mara mbili ya ninachokatwa na Bodi. Nilianza na mtoto mmoja wa jirani, ubao ukiwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi. Ningeanza kwenye ile miezi 16 badala ya kuona haya, ningekuwa mbali.

Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ameniuliza, "Mama mdogo, nikope au nikae?" Nimemwambia akope, ila achague hisabati pamoja na ualimu, au hisabati pamoja na takwimu. Jumamosi anakuja na daftari lake. Hatutaanza na ada. Tutaanza na orodha ya waliohitimu kozi hizo mbili tunaowafahamu, na mbele ya kila jina tutaandika miezi aliyokaa bila kazi.