Hela za kamusi ya Kisoo zianzie kazi nyingine

Ndugu, swali lako nimelielewa hivi: huko mlima Kadam, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wanaozungumza Kisoo, lugha ya Wasoo, ni wazee tu, vijana wote wanaongea Ngakarimojong, lugha ya majirani Wakaramojong, kikundi chenu kimechanga hela kidogo na wengi wanataka kamusi ichapishwe. Nakuomba kwa moyo wote, kamusi isubiri.

Kisoo kina ndugu wawili tu, Kiik na Kinyang'i, kundi liitwalo Kuliak. Kinyang'i kimekaribia kutoweka kabisa. Kiik bado watoto wanajifunza nyumbani, na walikuwa wakijifunza hivyo kabla haijaandikwa kamusi yoyote yake. Kilichowatofautisha ni mama na bibi kuongea na mtoto. Hapo ndipo hela za kwanza ziende.

Anza na daftari. Pita nyumba kwa nyumba ukiwa na safu nne: anayezungumza bila kuchanganya, anayezungumza lakini anaishiwa maneno, anayeelewa ila hajibu, asiyejua. Kila jina liandikie umri. Usiulize "unajua Kisoo?", maana mwenye aibu atakataa na mwenye kujivunia atakubali. Mwombe mzee amwagize mtu huyo kitu kwa Kisoo, mathalani kibuyu kilicho nyuma ya ghala, nawe uangalie. Anayekileta huku akijibu kwa Ngakarimojong yuko safu ya tatu.

Hao wa safu ya tatu, mara nyingi watu wazima wa makamo, ndio wa kushika kwanza. Sauti na sarufi zimo masikioni mwao tayari; wamenyamaza kwa sababu walipokosea walichekwa. Kwa hiyo wazee wakubaliane mbele ya wote: mtu akikosea, mzee anairudia sentensi ile ikiwa sahihi na mazungumzo yanaendelea. Hakuna kucheka, hakuna kusahihisha kwa Ngakarimojong.

Kisha waunganishe wawili wawili, mzee mmoja na mmoja wa safu ya tatu, saa 10 kwa wiki au zaidi. Njia hii ilianza California mwaka 1992 kwa lugha zilizobakiwa na wazee wachache sana. Hawakai darasani, wanafanya kazi pamoja na kuongea Kisoo tu, na palipo ugumu wanatumia mikono, kuonyesha na kurudia. Wiki ya kwanza mwanafunzi ashike sentensi za kujiokoa: "hii inaitwaje", "sema tena polepole", "sijaelewa". Kinachoharibu ni kukosa la kusema. Salamu na majina ya wanyama yakiisha, wawili hao hurudia Ngakarimojong bila hata kujijua. Dawa yake ni kupanga kila wiki kazi moja yenye hatua nyingi: kupura mtama, kutega mzinga wa nyuki, kuchuna ngozi, kujenga ghala. Kazi yenye hatua kumi huleta vitenzi ambavyo huwezi kuvipata kwa kuuliza neno mojamoja.

Watoto wa chini ya miaka mitano wawekeeni bibi wawili au watatu, mahali pamoja, asubuhi kadhaa kwa wiki. Wamaori wa New Zealand walianza vituo vya namna hiyo mwaka 1982. Hapa Karamoja uji ndio utakaoamua kama kituo kitadumu, kwa hiyo unga, kuni na maji viwekewe bajeti kabla ya kitu kingine. Bibi nao walipwe, hata kama ni sabuni na sukari, kwa sababu asubuhi hiyo wangekuwa shambani. Wazazi wataogopa kwamba mtoto atachelewa shuleni. Waambieni ukweli: mtoto mdogo hubeba lugha mbili tatu bila shida, na Ngakarimojong ataipata tu, imejaa kila mahali.

Kurekodi kuende sambamba, maana wazee hawangoji. Tumia faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Kwa chaneli moja, saa moja inakula takriban megabaiti 520, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba kama saa 60. Maikrofoni ya kubana nguoni ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, ikiwa na sifongo ya upepo. Kaeni chini ya mti au katika nyumba ya nyasi. Bati likipigwa na mvua au likitanuka kwa jua huharibu kila kitu. Sauti usiitume kwa WhatsApp kama nakala yako ya pekee, maana ujumbe wa sauti hubanwa na sauti nyembamba hupotea.

Na usirekodi orodha ya maneno makavu ukaridhika. Katika Kiik, irabu ya mwisho hunong'onwa au hupotea neno linaposimama peke yake, kisha hutokea neno likifuatwa na jingine. Ukichukua neno pekee umechukua nusu. Nawe hakikisha kila neno linasemwa mara mbili: peke yake, kisha katikati ya sentensi. Zaidi ya hapo, rekodi wazee wawili wakiongea wenyewe kwa wenyewe. Hadithi huwa kila mtu anazikumbuka kurekodi. Kubishana, kuagana, kukemea mtoto na kupatana bei ndiyo hukosekana baadaye, na ndiyo lugha ambayo kituo cha watoto kinaihitaji.

Mwanzoni mwa kila rekodi msemaji ataje tarehe, mahali, jina lake kama anapenda, na ruhusa yake. Ruhusa iulizwe vipande vipande: kuhifadhi, kufundishia, kuweka kwenye intaneti. Ya tambiko yakae mikononi mwa wenye mamlaka nayo, hata kama mgeni mwenye hela anayataka.

Msikusanye kupita nguvu zenu. Kuandika dakika moja ya mazungumzo huchukua nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo saa 10 za sauti ni kazi ya saa 300 hadi 600. Mzee asiye na meno asipoeleweka, mwombe mwenzake arudie sentensi kwa sentensi polepole, na mwingine atafsiri, yote yakirekodiwa. Hilo laweza kufanyika leo hata kama hakuna anayejua kuandika Kisoo. Programu ya ELAN ni ya bure na inaunganisha maandishi na sauti. Nakala ziwe tatu, moja ikae mbali na mlima.

Maandishi: irabu tano za Kiswahili hazitoshi. Lugha hizi zina irabu tisa pamoja na konsonanti za kuvuta pumzi ndani, ndiyo maana Kiik kinatumia herufi kama ɛ, ɔ, ɓ na ɗ. Tumieni fonti za Yunikodi, mfumo wa herufi unaoeleweka na kompyuta zote, na Keyman, programu ya kibodi ya kuchapia herufi hizo, la sivyo faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine herufi zinageuka visanduku. Kabla ya kuamua, mpeni ukurasa mtu ambaye hakuwepo ausome kwa sauti. Mzee asipoelewa kinachosomwa, tahajia ibadilishwe.

Shule isiwe tegemeo la kwanza. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 unaruhusu lugha ya eneo P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, lakini huko "lugha ya eneo" inakuwa Ngakarimojong. Hata hivyo Katiba ya 1995 inawataja Wasoo katika Jedwali la Tatu, orodha ya jamii za asili za nchi, na kifungu cha 37 kinalinda haki ya utamaduni na lugha. Barua ya kuomba kipindi kimoja kwa wiki iandikwe kwa kutaja vifungu hivyo, ipitie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nakala ipelekwe wilayani.

Kamusi itakuja, na itakuwa rahisi kuliko sasa kwa sababu maneno yatatoka kwenye rekodi. Majina ya mimea tu msiyaache yasubiri. Nendeni porini na mzee mpaka kwenye mti wenyewe, pigeni picha ya jani, gome, ua na tunda, mkaushe tawi kati ya magazeti, mwandike na jina lake la Ngakarimojong. Ukimwonyesha mzee picha ya kitabuni atataja mti mwingine unaofanana nao. Fanyeni hivyo mara mbili kwa mwaka, mvua zikianza na kiangazi, kwani kuna mimea isiyoonekana nusu ya mwaka.