Nimepima Kriatinini Miaka Mitatu. Je, Maabara ya Utafiti Itanichukua?

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kisauni. Nina shahada ya sayansi ya maabara, na kwa miaka mitatu nimefanya kazi kwenye maabara ya kliniki moja hapa Mombasa. Wengi ninaowapimia damu ni wagonjwa wa figo na wa sukari. Nimeona tangazo la maabara ya chuo kikuu kimoja cha Marekani inayochunguza kazi ya seli za kinga figo inapoumia. Wanataka mwanafunzi wa uzamivu. Moyo unataka, lakini naona haya kuandika. Sijawahi kushika panya wa maabara, wala sina makala hata moja. Rafiki zangu wanasema nikiandika kwamba nimekuwa nikipima damu tu, barua itatupwa. Halafu mama naye ananiuliza: hao panya wanaouawa, ni halali kweli? Nishauri.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Hilo neno “tu” lifute kabla hujashika kalamu.

Mimi nilisimama mbele ya mashine ya kemia ya damu kwa miaka tisa, nikaingia kwenye utafiti nikiwa na miaka 34. Aliyenitoa pale ni mgonjwa mmoja, kibarua wa bandarini. Aliletwa Jumatatu, ameharisha siku mbili mfululizo na maji yamemwishia mwilini. Nikampima kriatinini, taka ya damu tunayoipima kujua hali ya figo, ikasoma 98, yaani kawaida. Sote tukashusha pumzi. Jumatano kikaja kichupa chenye jina lile lile, mashine ikasoma 331. Nilidhani imekosea. Nikarudia na dawa mpya ya kupimia, ikasoma 328. Nikabaki nimekishika kile kichupa, bado kina joto la mkono wa aliyekileta, nikaelewa kwamba figo za yule baba zilikuwa zinaumia tangu Jumatatu na kipimo changu hakikuniambia kitu.

Unajua kwa nini. Kriatinini ni taka ya misuli, hujikusanya polepole, na figo zaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla namba haijapanda waziwazi. Zile siku mbili za kimya ndizo wanazozichunguza watu unaotaka kujiunga nao. Wengi wao wamezisoma vitabuni. Wewe umeziona kwa macho, tena kwa watu unaowajua majina.

Nikueleze kidogo kinachotokea mle ndani, maana barua yako itasimama hapo. Figo mbili hupokea kama moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni, lakini sehemu yake ya ndani huishi kwa oksijeni kidogo mno. Damu ikipungua, vijibomba vya sehemu ile ndivyo huumia kwanza. Seli zake zikifa humwaga vilivyomo, na seli za kinga husikia mwito huo. Nyutrofili, seli za kinga za mstari wa mbele, hufika ndani ya saa chache na ukali wake, zikaharibu hata seli ambazo zingepona. Monositi, seli nyingine za kinga zinazotembea na damu, hufuata na kugeuka makrofaji, yaani seli walaji. Siku za mwanzo makrofaji huchochea uvimbe. Baadaye hali ikitulia hubadilika, zikala mabaki ya seli zilizokufa na kusaidia vijibomba kuota upya. Uvimbe usipotulia, kovu hujijenga, na figo iliyoonekana imepona hudhoofika mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana daktari hawezi kuizima kinga yote kwa mkupuo: atazizima na zile zinazotengeneza. Kwa nini mmoja hupona kabisa na mwenzake wa kitanda cha pili akaishia kusafishwa damu mara mbili kwa wiki? Mimi swali hili halijaniachia usingizi mpaka leo.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, mshipa wa figo hubanwa kwa dakika ishirini na kitu, kisha huachiwa. Baada ya siku moja au zaidi figo hutolewa, hukatwakatwa vipande vidogo sana, na hutiwa kimeng'enya, protini inayomeng'enya vinavyoshikanisha seli, kwenye joto la nyuzi 37 ili seli ziachane. Zikishachujwa hupakwa kingamwili zenye rangi, yaani protini zinazonata kila moja kwenye aina yake ya seli, zikapita moja moja mbele ya mwanga wa leza, na mashine ikahesabu ipi ni ipi.

Wiki yangu ya pili nilitia figo sita kwenye kimeng'enya nikaenda kusali adhuhuri. Hakuna aliyenionyesha kwamba muda wake ni nusu saa, wala hapakuwa na karatasi ya maelekezo. Niliporudi maji yamekuwa ute mzito kama bamia, chujio likaziba pale pale. Seli zimekufa, panya wamekufa bure. Mkuu wa maabara alinikemea mbele ya wenzangu. Kilichoniuma zaidi ni wale panya.

Kwa hiyo mama yako ameuliza swali zito, mpe heshima yake. Kuhusu halali na haramu mpeleke kwa sheikh anayemwamini. Hilo si langu. Langu ni hili: katika maabara yenye kufuata taratibu hagusiwi mnyama bila idhini ya kamati ya maadili, na kamati huuliza kama njia nyingine ipo, kama idadi yaweza kupunguzwa, na maumivu yatazuiwaje. Kanuni hizo tatu zilitolewa na Waingereza William Russell na Rex Burch mwaka 1959. Nawe watakapokuita kwenye mahojiano uliza: nani atanifundisha kwa mkono wake, na kwa wiki ngapi, kabla sijaachiwa mnyama? Wakisitasita kukujibu, usiende, hata jina la chuo liwe kubwa vipi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Tafuta makala moja ya maabara ile, uisome mpaka kila mchoro uelewe, kisha andika jambo moja ulilotaka kuwauliza. Wape na siku yako moja ya kazi, kama nilivyokupa ile Jumatano yangu, ila jina la mgonjwa usilitaje. Usiseme unajua usichokijua. Kuhusu pesa, programu nyingi za uzamivu wa tiba Marekani humlipia mwanafunzi karo na kumpa posho. Uliza viza, bima ya afya na kodi ya mwezi wa kwanza. Ukiambiwa utoe pesa wewe ili upewe nafasi, kimbia.

Na usikae ukingoja Marekani. Kilifi, kama kilomita 60 kutoka mjini, ipo Programu ya KEMRI-Wellcome, ya taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba na wafadhili wake Wellcome, tangu 1989, na seli za kinga ni kazi yao ya siku zote kwa sababu ya malaria, ambayo ikiwa kali huumiza figo pia. Waulize nafasi za mafunzo kazini. Hata miezi mitatu ya kukaa karibu na ile mashine ya leza itakufaa. Peleka barua zote mbili wiki hii hii, halafu niandikie walichokujibu.